Ngozi Zilizolala Bururi

Aziza mwanangu,

Kukuandikia salamu kungekuwa mchezo, maana chai ya asubuhi tumekunywa pamoja na kikombe changu umeosha wewe. Umekwenda Magara kuwaaga shangazi zako, na wale nawajua, hawakuachii mpaka wakulishe mara mbili na kukulilia mara tatu. Basi mchana wote ni wangu. Nimekaa uani, penye kibao cha kuparia ngozi, na daftari lako la sekondari, lile uliloacha kurasa nyingi tupu nyuma.

Mambo ya koti, ya pasipoti, ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua kiwanjani, sitayagusa. Umeshaambiwa na kila mwenye mdomo hapa Rumonge, hata na watu ambao hawajawahi kuvuka Bujumbura. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba miaka kumi na minne, na wiki hii nimejaribu mara tatu kulitoa kwa mdomo. Jumatatu nilikuita, ukaja, nikakuuliza kisu kikubwa kiko wapi. Kilikuwa mkononi mwangu. Ulicheka ukaenda zako.

Usitegemee maneno ya kuliza. Tangu tumzike mama yako, miezi mitatu sasa, niko kama mguu ulioukalia vibaya: unajua ni wako, lakini ukiugonga hausikii kitu. Watu walikuja matangani wakasema, "Angalia Baba Aziza alivyo na subira." Subira gani! Sikuwa na kitu ndani cha kuzuia. Nilikula wali wa matanga nikaumaliza. Nakuambia hili mapema ili usije ukadhani nimeyakausha maneno kusudi nionekane mgumu. Yanakuja makavu yenyewe.

Nianze na Fureri Anselmo. Wewe unamkumbuka kama mzee wa ndevu aliyekuletea biskuti, lakini alipobisha hapa mara ya kwanza ulikuwa hujaanza shule. Yeye ni mtawa, alikuwa anafundisha useremala kule kwa mapadri, na kwao ni Galisia, pembe ya Uhispania ambako anasema mvua hainyamazi. Alikuja na zumari ya kwao, wanaiita gaita: mfuko wa ngozi unaubana kwapani, bomba moja la kupulizia, moja la kuchezea vidole, na moja refu begani linalonguruma bila kukoma. Mji mzima uliiita "mbuzi ya Fureri". Ikianza kulia alasiri, wazee pale msikitini wanaulizana, "Leo nani anachinja?"

Mfuko wake ulikuwa umepasuka. Alikuwa amesikia kwamba marehemu babu yako aliwatengenezea wahunzi mivukuto, na kwamba mimi najua kumchuna mbuzi bila kumpasua tumbo. Unamvua ngozi kuanzia nyuma kama unavyomvua mtoto shati lililolowa, inabaki nzima, na matundu ya shingo na miguu tu. Matundu hayo ndiyo aliyoyataka. Shingoni unafunga zumari, miguuni unafunga mabomba. Hapo nilikuwa fundi kweli, na hilo sitajinyima. Mkono wangu wa kuchuna hakuna mwenye nao kuanzia hapa mpaka Kabonga.

Fureri alifurahi mpaka akaanza kunifundisha ukoo wa kitu chenyewe. Alikaa hapa hapa uani na kinasa sauti chake, ananisikilizisha moja moja. Mimi nilidhani ni mali ya Waskoti peke yao, wale wenye sketi tunaowaona kwenye televisheni, mabomba matatu begani na sauti ya kuamsha kijiji cha pili. Alikasirika! "Waskoti ni ndugu mmoja tu," akasema, "sisi ni familia kubwa." Akanisikilizisha Wabretoni wa Ufaransa: kazumari kadogo ka mfuko, kanalia juu kabisa, na mwenzake mwenye zumari ya mdomo. Mmoja anaanza, mwingine anaitikia, wanapokezana kama watu wa kasida. Akanisikilizisha wachungaji wa Italia wanaoshuka kutoka milimani siku za Noeli, wawili wawili, mmoja na mfuko wa mbuzi mzima, mwingine na zumari ndogo. Wabulgaria wa milimani nao wana sauti nzito, na wakikusanyika hata mia wanacheza kwa pumzi moja. Hiyo mama yako aliipenda. Alitoka jikoni akasema, "Huyu analia kama mimi nikiwa na bidoni mbili za mafuta kwenye mlima." Fureri alicheka mpaka akakohoa.

Waairishi wanacheza wamekaa kitini, hawapulizi kwa mdomo, kiwiko kinasukuma mvukuto mdogo. Nikaruka. Mvukuto! Kazi ya baba yangu! Wapolandi na Wacheki nao wana kiwiko, tena wanachonga kichwa cha mbuzi chenye pembe na kukiweka mbele, ili asiye na habari ajue anayeimba ni nani. Visiwani Ugiriki wanaigeuza ngozi, manyoya yanabaki ndani. Waestonia zamani walitumia tumbo la sili, mnyama wa bahari ya baridi. Na Wabelgiji! Hao waliokuja kututawala na kutuhesabu vichwa, kumbe na kwao mbuzi huyo alikuwepo, akafa, wakamfufua kwa kutazama picha za zamani za harusi za wakulima. Hawakututajia hata siku moja. Nilipenda sana kwamba kila kabila kule limemchukua mnyama yule yule na kumfanya alie kwa lafudhi yake. Ile ilikuwa miaka mizuri. Sijawahi kumwambia mtu kwamba ilikuwa mizuri.

Kila mwaka wanakutana mji mmoja wa kwao Fureri, kila nchi na zumari yake, wanasherehekea siku nane. Ndiko unakokwenda, hilo unalijua. Mwaka ule Fureri aliwaahidi ngozi sita za Rumonge. Sasa ngozi ikishachunwa lazima ilainishwe kwa ndani, izibe isivujishe hewa. Karatasi ya maelekezo ilitaja mafuta ya nguruwe. Fureri akaniangalia. "Hii najua hutaigusa," akasema. "Tafuta ya kwenu."

Ya kwetu ni ipi, hapa Rumonge? Mawese. Tunakula mawese, tunauza mawese, na baba yangu mivukuto yake yote aliilainisha kwa mawese. Sikufikiri hata dakika.

Mama yako alikuwa pale mlangoni pa jikoni, anachuja mafuta yake kwenye bidoni. Kila wiki alipanda nayo Bururi, juu milimani, kuuza. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba Aziza, hii mafuta iko inaganda. Kule juu asubuhi naipindua bidoni, haitoki hata tone. Na Ulaya iko baridi kupita Bururi."

"Mwanamke wa bidoni ananifundisha ngozi?"

"Sikufundishi ngozi. Nakuambia mafuta. Mafuta ndiyo kazi yangu."

"Basi baki kwenye mafuta."

Akabaki. Nikamimina mawese ngozi zote sita, nikazisugua, nikazianika kivulini. Yeye hakugusa hata moja. Hilo lishike, Aziza. Ni mikono yangu hii inayoandika.

Fureri akaondoka nazo. Asubuhi ya maandamano ya kufungua sherehe, baridi ilikuwa kali. Ngozi zikawa ngumu kama magome. Mafuta mengine yalikuwa yameingia kwenye ndimi za matete ndani ya mabomba, yakagandia humo humo yakaziba. Mzee mmoja wa Italia, aliyeteremka kutoka milimani kwao kwa ajili ya siku hiyo tu, alisimama mbele ya kanisa na mfuko wetu mmoja kwapani, watu wote wamenyamaza kumsubiri. Akapuliza, akabana, hakikutoka kitu. Fureri alisema yule mzee hakukasirika. Aliuvua mfuko akauangalia, akaomba radhi kwa watu, akaondoka. Yeye ndiye aliyeomba radhi!

Aliporudi, Fureri aliketi kwenye kiti kile cha plastiki kilichovunjika mkono, akanieleza yote. Kisha akauliza, "Nani alitia mafuta haya?"

Hakuuliza kwa ukali. Ningesema "mimi", angesema "basi, tujaribu tena". Leo najua. Lakini majirani wawili walikuwa wamekaa hapa, na mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kuniita fundi wa Ulaya, na mimi nilikuwa nimeshalizoea jina. Nikasema, "Mama Aziza. Yeye ndiye wa mafuta."

Alikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Nilijua yupo. Akatoka anafuta mikono kwenye kitenge, akaniangalia mimi, si Fureri. Nilidhani atasema. Akasema, "Ni mimi, Fureri. Unisamehe." Akarudi ndani.

Na wewe ulikuwa umekaa chini unatafuna muwa. Miaka saba. Ulisikia kila neno ukaamini, kwa nini usiamini? Baba amesema na mama amekubali. Tangu siku hiyo ukimwona anasogelea ngozi unapiga kelele, "Mama, usiguse! Una mkono wa mawese!" Tunacheka sote, na yeye pia. Ukaendelea hivyo mpaka ukawa mtu mzima: "Mkono wa Mawese, chakula kimeiva?" Kwa mapenzi, najua, mwanangu, ulimwita kwa mapenzi. Lakini jina hilo nilikutia mdomoni mimi. Mara ngapi ningeweza kulikata kwa neno moja! Nilikuwa namega ugali.

Sasa sikiliza lililobaki, ndilo kubwa. Baada ya aibu ile sikugusa ngozi miezi mingi. Mama yako hakuniambia kitu. Alipanda Bururi na bidoni zake kama kawaida, na kumbe chini ya bidoni alikuwa anabeba vipande vya ngozi. Kimoja amekipaka samli, kimoja mafuta ya karanga, kimoja asali, kimoja asali na ute wa yai. Alikuwa analala kwa rafiki yake, mama mmoja muuza maziwa, na vipande anavitandaza nje kwenye umande. Asubuhi anavikunja kimoja kimoja aone kipi kimekataa. Rafiki yake akamuuliza kama ni uchawi. Alinisimulia hilo yeye mwenyewe baadaye, anacheka.

Siku moja akaniwekea ngozi nzima magotini. Niliibana, haikulia kama ngozi kavu, niliikunja, ikakunjika. "Imelala Bururi siku nne," akasema. "Ni asali ya moto na ute wa yai. Asali itangulie. Mpelekee Fureri."

Maana yake nimpelekee mimi. Hakusema atampelekea yeye. Alikuwa ananirudishia jina langu, mimi niliyemchafulia la kwake, na wala hakunikumbusha. Nilipaswa kwenda kwa Fureri tukiwa wawili. Nilikwenda peke yangu.

Ngozi zote zilizokwenda Ulaya baada ya hapo, nilichuna mimi, akalainisha yeye. Alifanya kazi hiyo ukiwa shuleni, kwa sababu ungemkuta ungepiga kelele. Ulipofika miaka kumi na mitano ukataka kujifunza, nikakufundisha dawa ile kama yangu. Yeye amekaa pale pembeni anachambua maharage. Nikakosea, nikataka kuanza na yai. Akasema polepole, "Asali itangulie." Ukamgeukia ukasema, "Mama, tuachie mafundi." Nikanyamaza.

Hapo, Aziza, nilifanya baya kuliko lile la kwanza. Lile la kwanza lilinitoka kwa woga, mdomo ukateleza. Hili nililikalia nikalitazama. Wahenga walisema ngozi ivute ingali mbichi, na mimi nimevuta ngozi maisha yangu yote, ningepaswa kujua. Kosa likiwa bichi linanyooka kwa neno moja mbele ya majirani wawili. Nimeliacha likauke mpaka mwenye haki yake amekwenda, na sasa kila ninapolivuta linapasuka.

Usidhani mama yako alikuwa mnyonge. Wewe mwenyewe umemwona sokoni, ukimpunja kipimo kimoja anakutajia ukoo mzima. Kwa nini alinyamaza kwangu, sijui. Nilidhani nitakuja kumuuliza. Siku zote nilikuwa na siku nyingine ya kumuuliza.

Barua ya mwaliko ilipokuja, fundi mmoja wa zumari wa huko kwao Fureri akitaka mtoto wa fundi wa Rumonge akae kwake miaka miwili, mama yako alikuwa amelazwa Bujumbura, figo zimeshachoka. Wewe ulimsomea pale kitandani. Unakumbuka alichosema? Alisema, "Asali ya huko siijui. Ajaribu kwanza kwenye kipande kidogo." Ukamshika mkono ukamwambia, "Ndiyo, Mama, pumzika," na nje ukaniambia ni homa imempanda kichwani. Haikuwa homa. Alikuwa na akili zake zote, anamuaga mwanafunzi wake. Mimi nilikuwa nimesimama penye miguu yake, nikatazama dirishani. Siku iliyofuata akafariki.

Kule kwenye sherehe wameandaa meza ya mifuko, na kila mfuko una kibao chenye jina la aliyeutengeneza. Yetu iko mitatu. Karatasi ya majina waliniletea wiki mbili baada ya mazishi, na nilijaza jina langu. Siku ya kufungua watakusimamisha pale, waseme huyu ni binti yake, atueleze. Na wewe ungeeleza vizuri. Ungenisifu mbele ya Wabretoni na Wabulgaria na wote, na ili watu wafurahi ungewapa na kisa cha mama mwenye mkono wa mawese. Nimekuwa nikiliona hilo wiki nzima: wewe unacheka, na ukumbi mzima unacheka. Hicho ndicho kilichonisukuma. Sitaki ujidanganye kwamba ni toba kubwa. Ni kwamba sikuweza kuvumilia achekwe na mtu mmoja zaidi.

Kwanza nilifikiri nikuandikie tu, halafu wewe uamue, useme kule au ufiche. Nikaona huo ni ujanja wangu ule ule, kumtwika mwanamke mwingine mzigo. Kwa hiyo leo, nilipotoka kuswali Adhuhuri, nilimpigia Fureri simu. Yuko kwao, amezeeka, anasikia kwa shida, ikabidi nipaze sauti. Nikamweleza yote pale barabarani, mbele ya wauza samaki wa ndagala, watu wakigeuka. Wacha wageuke.

Kisha akasema, "Nipe jina lake, niwaambie wabadilishe kibao."

"Mama Aziza," nikasema.

"Hilo ni jina la mtoto. Nataka la kwake."

Miaka yote ile alikula wali wake, na hakulijua. Na mimi sikuwa bora kuliko yeye, Aziza. Tangu uzaliwe sikuwa nimelitamka, isipokuwa siku ya kumzika. Nikampa herufi kwa herufi aandike: Mwavita binti Ramazani. Akanisomea, nikasema ndiyo. Akanishukuru, "Murakoze cane," kwa Kirundi chake kile kibovu, akakata.

Najua ungependa kusikia kwamba baada ya hapo nilikaa mahali nikalia. Sikulia. Nilinunua kipande cha sabuni nikarudi nyumbani. Labda machozi yatakuja, labda hayatakuja, na hata yakija hayamsaidii yeye kitu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii sandukuni mwako, chini ya nguo, uikute huko mbali ambako huwezi kunitazama usoni. Nimebadili. Utarudi kutoka Magara kabla ya Magharibi, nitakupa mkononi. Ingia chumbani, funga mlango, soma yote, wala usisome haraka kwa ajili yangu. Gari la Bujumbura ni kesho asubuhi, tuna muda wa kutosha wa kuchukiana.

Mimi nitakuwa hapa uani. Ukitoka na maneno makali, yaseme yote. Sitakukatiza, na sitamtaja mtu mwingine. Na ukinipita bila neno, kapande gari lako uende salama. Huko wakikuuliza fundi wa Rumonge ni nani, jina lake unalo sasa.

Mimi,
mume wa Mwavita.